Ufunguo wa Pili



Juma hili nataka tuzungumze habari ya kitu kidogo kinachoingia katika mfuko wa shati, nacho kina nguvu ya kuisimamisha motokaa nzima ya mamilioni ya shilingi. Kitu hicho ni ufunguo. Najua wengine watasema, "Mimi sina motokaa, habari hii hainihusu." Ngoja kwanza, ndugu yangu. Motokaa huna, lakini usiku ule mkeo atakaposhikwa na uchungu, utakimbilia motokaa ya nani? Ya jirani. Basi ufunguo wa jirani yako wakuhusu wewe pia.

Siku hizi motokaa zimekuwa nyingi huku kwetu. Toka Rubwera mpaka Nkwenda, toka Isingiro mpaka Murongo mpakani, na upande wa Karagwe mpaka Kayanga na Omurushaka, utaziona zikipita na abiria, na mikungu ya ndizi, na magunia ya kahawa. Nyingi katika hizo zilitumika Japani miaka mingi kabla ya kupakiwa melini na kushushwa Dar es Salaam. Mkulima ameuza kahawa msimu huu na msimu ule, ameweka akiba kidogo kidogo, akanunua Toyota au Nissan. Motokaa ikifika nyumbani majirani huja kuitazama. Huyu hufungua boneti, yule hupiga magurudumu teke, mwingine husikiliza injini kama daktari. Lakini ni nani aulizaye, "Imekuja na funguo ngapi?" Aghalabu imekuja na mmoja tu.

Ufunguo mmoja ni kama taa isiyo na mafuta ya akiba. Twaijua habari ya wanawali kumi katika Injili ya Mateo. Wote kumi walikuwa na taa, na wote kumi walisinzia. Kilichowatenga ni akiba ya mafuta tu. Na wale wapumbavu walipokwenda kutafuta, saa ilikuwa imekwisha kupita. Ufunguo wa pili ndio mafuta ya akiba, na neno ninalotaka ulishike leo ni hili: ufunguo wa pili hutengenezwa wakati ule wa kwanza ungali mkononi. Ukisha kupotea wa kwanza, kazi ya nusu saa hugeuka kuwa safari ya siku mbili.

WATUMISHI WATATU NDANI YA NYUMBA MOJA

Zamani ufunguo wa motokaa ulikuwa chuma kitupu. Ukipotea, fundi alichonga mwingine kwa tupa, ukaondoka. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1982, wakati kampuni ya Renault ya Ufaransa ilipotoa motokaa iitwayo Fuego, ambayo mwenyewe aliweza kufunga na kufungua milango yake kutoka mbali kwa kubonyeza kidude mkononi. Kidude kile kilibuniwa na Mfaransa Paul Lipschutz, na Wafaransa wakakiita plip, kwa kufuata jina lake. Sisi leo twakiita rimoti.

Ufunguo wa siku hizi, basi, ni watumishi watatu wanaokaa katika nyumba moja. Yafaa uwajue mmoja mmoja, maana watu wengi hupoteza fedha kwa kutokujua ni mtumishi gani aliye mgonjwa.

Wa kwanza ni chuma chenyewe. Huyu huzungusha kitasa na swichi ya injini. Fundi mwenye mashine ya kuchonga aweza kumtengeneza akiwa na mfano.

Wa pili ni rimoti. Huyu hufunga na kufungua milango kwa mawimbi ya redio, naye hula betri. Betri ikiisha, husinzia.

Wa tatu ni chipu, kipande kidogo sana kilichofichwa ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo. Huyu hana betri. Unapotia ufunguo katika swichi, waya uliozungushwa pale humpa nguvu kidogo, naye husema jina lake. Motokaa isipolitambua jina hilo, injini haiwaki, au huwaka na kuzimika papo hapo, hata kama chuma kimezunguka vizuri. Tangu 1998 nchi za Jumuiya ya Ulaya zimezitaka motokaa mpya za abiria ziwe na kizuizi hicho cha wezi. Motokaa za Japani tulizo nazo, baadhi zina chipu na baadhi hazina. Ukiona kwenye dashibodi taa ndogo yenye picha ya motokaa na ufunguo, ikimetameta injini ikiwa imezimwa, basi jua motokaa yako inayo.

Sababu ya kuwatenga hivi ni kwamba rimoti, katika motokaa nyingi, mwenye mali aweza kuiandikisha mwenyewe nyumbani, pasipo kompyuta wala fundi. Chipu, katika nyingi, yahitaji fundi mwenye kompyuta ya kazi hiyo. Basi mtu akikuambia, "Nitakuandikishia rimoti, utawasha injini kesho," muulize kama chipu nayo imefikiriwa.

MOTOKAA INA DAFTARI

Mimi kazi yangu ni madaftari. Parokiani tuna daftari la ubatizo, la kipaimara, la ndoa, na la marehemu. Mtu akija kutaka cheti cha ubatizo ili afunge ndoa, hata kama nilimwona akizaliwa, cheti hakitoki kwa sura yake. Hutoka kwa daftari. Jina likiwamo, anapata. Jina lisipokuwamo, twaanza kutafuta mashahidi.

Motokaa nayo ina daftari namna hiyo hiyo. Ndani yake mna kisanduku cha kompyuta ambamo yameandikwa majina ya rimoti zinazokubaliwa. Ukinunua rimoti nyingine, hata ikiwa ya umbo lile lile na rangi ile ile, ukabonyeza mbele ya motokaa, haitakujibu. Si kwamba ni mbovu. Jina lake halimo daftarini.

Tena rimoti ina jambo jingine la ajabu. Zile za zamani zilisema neno moja lile lile kila siku, na mwizi mwenye chombo cha kunasa mawimbi aliweza kulinasa neno hilo na kulirudia usiku. Dawa mojawapo ya ugonjwa huo ilitoka katika bara letu. Katikati ya miaka ya 1980, huko Afrika Kusini, katika kampuni iitwayo Nanoteq, ilitungwa njia ya siri iitwayo KeeLoq, ambayo kwayo neno hubadilika kila unapobonyeza. Mwaka 1995 kampuni ya Microchip ya Marekani ilinunua haki za kazi hiyo kwa zaidi ya dola milioni 10, na viwanda vingi vya motokaa vikaitumia.

Rimoti na motokaa, basi, huhesabu pamoja, kama watu wawili wanaosali Rozari wakipokezana. Mtoto akiichezea rimoti ndani ya nyumba, akabonyeza mara nyingi motokaa ikiwa mbali, rimoti hutangulia katika hesabu na motokaa hubaki nyuma. Ukifika, yaweza kukataa. Kabla ya kumwita fundi, isogelee motokaa, bonyeza mara mbili au tatu mfululizo. Mara nyingi hupatana tena. Isipokubali, iandikishe upya.

KABLA HUJANUNUA RIMOTI YA AKIBA

Hapa ndipo fedha za watu hupotea. Rimoti na motokaa sharti zizungumze kwa masafa yale yale ya redio. Ukitaka kusikiliza Radio Maria nawe umefungulia kituo kingine, huwezi kuisikia hata ukizidisha sauti. Motokaa zilizotengenezwa kwa soko la Japani kwa kawaida hutumia masafa ya karibu megahezi 315, na zile za Ulaya hutumia megahezi 433.92. Kwa hiyo rimoti ya Toyota iliyotoka Ulaya yaweza kufanana sana na yako, na isiseme nayo neno hata moja.

Ifungue rimoti yako ya kwanza taratibu, utazame namba zilizoandikwa ndani au mgongoni, uzinakili kwenye karatasi, uende nazo dukani. Usinunue kwa kutazama umbo. Kama motokaa yako ni ya namna ile ya kuwasha kwa kubonyeza kitufe, uwe mwangalifu zaidi: ufunguo wa namna hiyo uliokwisha kuandikwa katika motokaa nyingine aghalabu hukataa kuandikwa mara ya pili, na huo mara nyingi ni wa fundi mwenye kompyuta.

JINSI YA KUANDIKISHA

Tukija sasa kwenye kazi yenyewe, kila motokaa ina utaratibu wake. Kitabu cha motokaa ndicho chenye neno la mwisho, na kama hukipati, muulize fundi anayeijua aina ile na mwaka ule. Walakini nitaeleza mfano wa Toyota nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000, ili uone kwamba si uganga.

Keti kwenye kiti cha dereva. Milango mingine yote iwe imefungwa, wa dereva uwe wazi na kitasa chake kiwe kimefunguliwa. Kisha huja mfululizo wa vitendo ambao ukiutazama kwa mbali utadhani mtu anacheza ngoma: kutia ufunguo katika swichi na kuuchomoa, kufunga mlango wa dereva na kuufungua, kisha ufunguo tena, kisha mlango tena, kwa hesabu iliyoandikwa katika kitabu. Mwisho unautia ufunguo, unafunga mlango, unazungusha swichi toka LOCK mpaka ON na kurudi. Mara moja maana yake, "Ongeza jina katika daftari." Mara mbili maana yake, "Futa yote, andika upya." Mara tatu maana yake, "Niambie kuna majina mangapi." Halafu unachomoa ufunguo.

Motokaa ikikubali hujibu kwa vitasa. Vikifunga na kufungua mara moja, iko tayari kuongeza. Mara mbili, iko tayari kufuta na kuandika upya. Ukiwa umeuliza idadi, vitasa vitacheza kwa hesabu ya majina yaliyomo. Sasa chukua rimoti mpya, bonyeza vitufe vyote viwili, cha kufunga na cha kufungua, kwa pamoja, kwa muda wa sekunde moja au moja na nusu. Achia, kisha bonyeza kimoja peke yake kwa sekunde moja. Vitasa vikicheza mara moja, jina limeandikwa. Vikicheza mara mbili, halikuandikwa, rudia. Daftari la motokaa hizo huchukua majina manne.

Nissan nyingi za wakati huo zina njia nyingine. Unafunga milango yote, unabonyeza swichi ya kufunga vitasa, kisha unatia ufunguo na kuuchomoa zaidi ya mara sita ndani ya sekunde 10, mpaka taa za hatari zimetemete. Hapo unazungusha mpaka ACC, unabonyeza kitufe cha rimoti, na taa zikimetameta tena, kazi imekwisha.

Pengine utauliza, kwa nini kuhangaika hivyo na mlango na swichi? Sababu ni nzuri. Mwizi aliye nje na rimoti yake mkononi hawezi kufanya vitendo hivyo. Ni mtu aliyekwisha kuingia ndani kwa ufunguo wa kweli tu ndiye awezaye kulifungua daftari. Ndiyo maana nimesema ufunguo wa pili hutengenezwa wakati wa kwanza ungalipo. Wa kwanza ndiye shahidi wa wa pili, kama msimamizi katika ubatizo. Ukisha kupoteza yote, hasa katika motokaa yenye chipu, hapana shahidi tena. Itakupasa kumtafuta fundi mwenye kompyuta, pengine Bukoba, pengine Mwanza, ama umlete huyo fundi, ama uikokote motokaa kwa gari jingine. Fedha za safari hiyo zingeweza kulipa ada ya mtoto shuleni.

USISAHAU KUFUTA

Jambo la kufuta watu wengi hawalifikirii, nami naliona kubwa kuliko hata kuongeza. Motokaa yako kabla ya kuwa yako ilikuwa ya mtu. Pengine ilikuwa ya watu watatu. Kila mmoja yawezekana alikuwa na rimoti yake, na jina la rimoti hiyo laweza kuwa lingali limeandikwa daftarini. Umelipa, umebadilisha kadi, umeibariki kwa Padre, na huku mtu usiyemjua anao uwezo wa kuufungua mlango pasipo kuvunja hata kioo.

Kwa hiyo, siku unaponunua motokaa iliyotumika, uliza kwanza idadi ya majina. Una rimoti moja mkononi na vitasa vimecheza mara tatu? Basi rimoti mbili ziko mahali fulani duniani. Fuata njia ya kufuta na kuandika upya. Lakini angalia: unapoandika upya, rimoti zako zote ziwe karibu nawe, maana kila isiyoandikwa saa ile itakuwa imefutwa, hata iliyo halali.

Fanya vivyo hivyo dereva wako akiacha kazi, hata kama mmeagana kwa amani. Si kumtukana. Mtu mwaminifu mwenyewe hupenda daftari lisafishwe, ili jambo likitokea kesho, jina lake lisitajwe. Kadhalika rimoti ikipotea sokoni au katika shamba la migomba, usiseme, "Imeanguka tu." Ifute. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ukimpa fundi motokaa ili aandikishe ufunguo, kaa hapo hapo. Mwambie akuonyeshe idadi ya majina kabla na baada. Fundi mwema hatakasirika.

KIBETRI NA WATOTO

Sasa naomba akina mama wanisikilize kwa makini zaidi. Rimoti nyingi hutumia betri ya duara kama sarafu, mara nyingi ile iitwayo CR2032. Namba hizo si fumbo: 20 ni upana wa milimita 20, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Iko na nyingine iitwayo CR2016, yenye upana ule ule na unene wa milimita 1.6. Nguvu yake ni volti 3. Kuibadilisha ni rahisi: fungua taratibu, tazama uso upi ulikuwa juu, weka mpya vivyo hivyo.

Hatari ni ile ya zamani uliyoitoa na kuiacha mezani. Betri hiyo ing'aayo humvutia mtoto mchanga kama pipi. Akiimeza ikakwama katika koo la chakula, huanza kuunguza nyama ya ndani, na kwa muda wa saa mbili tu yaweza kuleta jeraha kubwa. Hata betri ambayo haiwezi tena kufungua mlango ingali na nguvu ya kuunguza. Dalili ni mtoto kutoa mate mengi, kukataa kula, kukohoa, au kulia akishika kifua. Wengine hawaonyeshi dalili yo yote kwanza.

Ukishuku tu, usingoje asubuhi. Usimtapishe. Usimpe chakula. Mpeleke hospitali upesi, Isingiro au Nyakahanga au iliyo karibu nawe, ukaseme wazi kwamba amemeza betri, ili wampige picha. Kama mtoto amekwisha kutimiza mwaka mmoja na anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu aimeze, mpe asali vijiko viwili vya chai njiani, kila baada ya dakika 10, isizidi mara sita. Waganga wamegundua ya kuwa asali hupunguza kuungua. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali. Wala asali isikucheleweshe: yenyewe si tiba, ni msaada wa njiani tu.

Betri iliyokwisha, izungushie gundi ya karatasi pande zote mbili, uiweke mbali na mikono ya watoto mpaka utakapoitupa. Na rimoti ambayo kifuniko chake kimelegea isiwe kichezeo cha mtoto, hata kama humnyamazisha akilia.

NANI ATAUTUNZA?

Tumefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Umeandikisha ufunguo wa pili, umefanya kazi vizuri. Sasa utauweka wapi?

Wako wanaouweka ndani ya motokaa yenyewe, chini ya kiti. Huo si akiba, ni kumfungia mwizi safari. Wako wanaoutia katika pete moja na ule wa kwanza, ili ikipotea pete, ipotee mali yote kwa pamoja. Na wako wanaouficha vizuri mno, wasimwambie mtu, hata mke wao.

Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Fikiri, msomaji. Baba amepanda basi asubuhi kwenda Bukoba kwa shughuli ya chama cha msingi, na ufunguo uko mfukoni mwake kwa mazoea. Motokaa imebaki uani. Saa mbili usiku mtoto anapata degedege. Kijana wa jirani anajua kuendesha na leseni anayo. Mafuta yamo. Mama anasimama mbele ya motokaa ya nyumba yake mwenyewe kama mgeni. Anapiga simu, baba anasema, "Uko wa pili," lakini aliuficha mahali ambapo hawezi hata kumweleza mtu gizani akauona. Je, motokaa hiyo ni mali ya nyumba, au ni mali ya mfuko wa suruali?

Tena tusiogope kusema habari ya kifo, maana sisi Wakristo twakiombea kila siku kiwe chema. Baba akifariki ghafula, mama hubaki na watoto, na madeni, na motokaa isiyowaka. Huja ndugu na marafiki, kila mmoja na shauri lake, na pengine mmoja anao ufunguo ambao hakuna aliyejua kwamba alipewa. Hapo ugomvi huanza kabla ya tanga kwisha. Kumbe mstari mmoja katika daftari la nyumba ungaliweza kuuzuia.

Ushauri wangu ni huu. Ufunguo wa kwanza hutumika. Ufunguo wa pili hukaa kwa mama wa nyumba, pamoja na kadi ya motokaa, mahali ambapo wote wawili mnapajua. Mtoto mkubwa mmoja mwenye akili apajue pia. Katika daftari la nyumba andika: motokaa ina funguo mbili, rimoti mbili, ziko kwa fulani na fulani, zimeandikishwa tarehe fulani. Ukimwazima mtu ufunguo, andika, akirudisha, andika. Mara moja kwa mwezi, mathalani Jumapili ya kwanza baada ya Misa, utoe ule wa akiba, uujaribu: ubonyeze milango, uwashe injini. Akiba isiyojaribiwa ni matumaini tu. Ukiona rimoti hujibu kwa shida, au ni lazima usogee karibu sana, betri yakaribia kwisha.

Kumbuka pia kwamba betri ikifa njiani, hujafungiwa nje. Chuma bado kingali na kazi yake mlangoni, na chipu haihitaji betri. Hata zile funguo za kubonyeza kitufe, nyingi zina chuma kidogo kilichofichwa ndani, na ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia huku ukikanyaga breki, injini kwa kawaida huwaka.

Kama motokaa ni ya kikundi, au ya kigango, au ya shule, mambo ni yale yale. Dereva awe na mmoja, mweka hazina awe na mwingine, na majina yawemo katika kumbukumbu za mkutano. Mwenyekiti akibadilika, ufunguo ukabidhiwe mbele ya watu, kama tunavyokabidhiana madaftari.

Bwana wetu alipompa Petro funguo za Ufalme, hakumpa ili azifiche. Alimpa ili wengine wapate kuingia. Ufunguo ni amana. Anayeushika kwa niaba ya nyumba yake anashika usalama wa mgonjwa wa usiku, na haki ya mjane, na amani ya ndugu.

Basi, kabla gazeti hili halijafungiwa sabuni, nenda uani. Hesabu funguo zako. Kama ni mmoja, wiki hii tafuta wa pili. Kama ni wawili, mwite mama watoto, umwonyeshe ulipo.

Nawatakieni Jumapili njema.

Karani wa Parokia